Homa ya Nyati

Mwezi uliopita fundi anayenijengea vyumba viwili hapa Ruaha alimaliza kumwaga zege la sakafu, akalifunika kwa magunia ya katani, akayalowesha chepechepe. Mimi nilikuwa jikoni nakaanga vitunguu. Upepo ukageuka, na harufu ya gunia lililolowa juu ya saruji mbichi ikaingia mpaka kooni. Niliacha mwiko ndani ya sufuria, nikaenda kukaa nyuma ya nyumba, na vitunguu vikaungua mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna moto. Mume wangu alitaka kujua ni nini kimenipata. Nikamwambia nilikuwa napokea simu. Uongo mdogo mdogo wa namna hiyo unanitoka bila jasho tangu utotoni, na leo nataka kuusimulia ule mkubwa.

Wenzangu wa rika langu, mliokwenda shule na kidumu cha maji mkono huu na fagio mkono ule, mnakumbuka tulivyolelewa. Mtoto alitumwa, hakuelezwa. Lete, peleka, chota, mwagilia. Sababu ulijitungia mwenyewe njiani. Mimi nilikuwa hodari sana wa kujitungia sababu.

Nililelewa Kilosa na Bibi, mama yake mama yangu, katika nyumba ya tofali za kuchoma isiyo mbali na stesheni. Bibi Mwanaidi alikuwa Msagara wa kuzaliwa hapo hapo, mwenye ulimi mkali na goti bovu. Ubavuni mwa nyumba yetu palikuwa na kiwanja kitupu ambacho kazi yake ilikuwa kufuga majani na nyoka. Siku moja wazee wa mji wakakaa kikao, wakaamua pawe bustani ya watu wote, yenye viti, maua na sanamu za wanyama wa mbugani. Nilivyosikia mimi, hoja ilikuwa kwamba watu wanapanda ndege kutoka kwao kuja kuwaona wanyama wa Mikumi, na sisi majirani zao tembo tunamwona kwenye noti tu. Nani mtaani kwetu alikuwa na gari la kuingilia mbugani? Basi wanyama waletwe mjini, wa saruji, na watoto wawaone bure.

Kazi akapewa Fundi Luhende. Alikuwa Msukuma, mrefu, mwenye vidole vinene vilivyopasuka kwa saruji, aliyehamia Kilosa peke yake na kumwacha mke na watoto wawili Shinyanga. Kamati ya bustani ilimwambia aanze na nyati mmoja, akae katikati kabisa. Nyati akipendeza, watafuata wengine watano, na kazi itamweka hapo miaka. Fundi alilisema hilo mara nyingi, hata kwetu watoto: nyati huyu akisimama vizuri, nawaleta wanangu. Hata majina yao alitufundisha, ili wakija tusiwaone wageni.

Bibi na Fundi Luhende walikuwa watani. Nalieleza hili taratibu kwa sababu kila kitu kilitokea hapa. Bibi alisema watani wetu ni Wanyamwezi, maana babu zao walipita kwetu wamebeba mizigo kichwani kwenda pwani, wakalala kwetu, wakala kwetu, wakafia kwetu tukawazika. Kwa Bibi, Msukuma na Mnyamwezi walikuwa kitu kimoja, na Fundi alipojaribu kusahihisha alitukanwa. Mtu na mtani wake wanaweza kuambiana lolote na kunyang'anyana lolote, na atakayekasirika ndiye mwenye aibu.

"Luhende," Bibi alikuwa akimwita kutoka kibarazani, "huyo unayemtengeneza si nyati. Huyo ni ng'ombe wenu kakasirika."

"Kakasirika kwa kuwaona wenye mashamba mnalala mchana, Bi Mwanaidi."

"Hata wa saruji mtamwachia aingie kwenye mahindi yangu, nawajua."

Nguvu ya utani niliiona Babu alipofariki. Siku ya tatu ya msiba nyumba ilikuwa imepoa, watu wamechoka kulia, mara Fundi Luhende akatokea uani amevaa koti la Babu na kofia ya Babu, anachechemea kama Babu, anakohoa kikohozi cha Babu, anadai chai yenye vijiko vinne vya sukari. Akawapora wapishi upawa, akaupandisha juu ya paa, akasema hashuki nao mpaka akombolewe kwa sahani ya wali yenye paja. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Na kutoka chumbani, alikokuwa amekaa eda, nikasikia kicheko cha Bibi, cha kwanza tangu kifo. Nilikuwa na miaka tisa. Nikaelewa kwamba mtu akifiwa, anayempenda kweli ni yule anayekuja kumpora kitu.

Nyati alianza kwa nondo. Fundi alizikunja kwa mguu na kipande cha bomba, akazifunga kwa waya, akaivisha mifupa hiyo wavu wa kuku. Pembe alizitengeneza kwa springi chakavu za lori la miwa alizozitafuta Kidodi. Kisha akapiga plasta, tabaka juu ya tabaka, na mabegani akaacha alama za mwiko wake bila kuzilainisha, ukadhani manyoya yamelowa mvua. Mwili aliufanya mkubwa, umeinamia mbele, na miguu akaifanya myembamba kuliko ya mnyama mwenyewe. Mwenyekiti wa kamati alipolalamika kwamba haifanani na picha, Fundi alimjibu kwa upole kwamba picha zipo kwenye kalenda. Yeye alitaka mtu akimtazama nyati ausikie uzito wake. Sikuelewa maneno hayo, lakini kila nilipopita mbele ya kile kichwa nilipunguza mwendo.

Siku aliyomaliza plasta aliniita, akachukua kiganja changu akakibandika kwenye tumbo la nyati. Lilikuwa la moto.

"Umesikia? Ana homa," alisema. "Mtu akiwa na homa mnamfanyaje kwenu?"

"Tunamfunika."

"Na nini tena?"

"Tunampa maji."

"Basi ndivyo tutakavyomfanya na huyu."

Akamfunika magunia kuanzia shingo hadi kwato, akayafunga kwa kamba, akayamwagia maji mpaka yakatiririka. Mimi nilisimama pale nikiamini kila neno.

Kesho yake habari zikaja kwenye simu ya mwenyekiti, maana wakati ule mwenye simu ya mkononi mtaani alikuwa mmoja. Mama yake Fundi Luhende amefariki. Nilimwona amekaa juu ya tofali, analia kwa sauti ya chini huku anasugua vidole vyake kama anatoa saruji. Kabla ya kwenda stesheni alikuja kwa Bibi. Alimwomba atunze ufunguo wa uzio mrefu wa mabati waliokuwa wameizungushia bustani siku za karibuni, na nyati alowanishwe asubuhi na jioni kwa siku kumi na nne, bila kuruka hata moja. Bibi, kwa goti lake, angeweza kufika wapi? Akanikabidhi mimi. Bibi aliambiwa siku kumi na nne. Mimi niliambiwa homa.

Kilichonishangaza ni kwamba Bibi hakumtania hata neno. Alimpa pole, akamshika mkono, akamwombea safari njema. Fundi alipoondoka nilimuuliza mbona hakumpora kitu.

"Leo hapana, jeraha bado bichi," alisema. "Ngoja arudi. Akirudi atatukoma."

Siku mbili nilimwagilia vizuri. Asubuhi ya siku ya tatu niliingiza mkono chini ya gunia nikagusa tumbo la nyati. Lilikuwa la baridi. Nikazunguka nikagusa shingo, nikagusa paja, baridi tupu. Homa ilikuwa imeshuka. Nilifurahi kama mama wa mgonjwa. Na mgonjwa akishapona, blanketi la nini?

Hapo ndipo wazo likanijia, na niliona ni wazo la mtu mzima. Fundi Luhende amefiwa. Watani wake ni sisi. Bibi ni mzee, hawezi kupanda paa wala kukimbia na upawa. Kilichobaki cha Fundi mjini petu cha kupora kilikuwa magunia yale. Nikafungua kamba, nikayavua moja baada ya jingine, nikayaburuta hadi kwenye banda la kuku nyuma ya nyumba yetu, lililokuwa halina kuku, nikayarundika humo. Akirudi nitasimama mlangoni, mikono kiunoni, nimwambie hayapati mpaka ayakomboe, na atacheka kama Bibi alivyocheka chumbani. Nilikuwa nimepanga hata bei: michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa ambavyo kila Msukuma akitoka kwao lazima abebe, mikono yote miwili imejaa.

Maji niliendelea kuyabeba, kwa sababu Bibi alikuwa akinitazama nikitoka na kidumu. Nikishaingia ndani ya mabati niliyamwaga kwenye miche ya maua, au kwenye njia ya siafu nione watakavyohangaika. Ulikuwa msimu ule wa jua kali kabla ya mvua za vuli, wakati bati la uzio huwezi kuligusa kuanzia saa nne. Nyati alisimama katikati ya jua hilo siku kumi na moja, wa kijivu, akizidi kuwa mweupe. Niliona ananawiri.

Jioni moja Bibi alikuwa kibarazani anachambua mchele. Mwenyekiti alipita akasema Luhende anaingia na treni ya kesho alfajiri, na Jumamosi bustani inafunguliwa. Bibi akanitazama kwa upole ambao hakuwa nao kila siku.

"Mungu akuzidishie, mjukuu wangu," alisema. "Umeniondolea aibu. Luhende alinieleza kwamba plasta ikikosa maji siku zile za mwanzo haikomai. Inabaki unga uliosimama. Akasema isiruke hata siku moja."

Sikumbuki nilijibu nini. Nakumbuka mbio. Niliyatoa magunia bandani, nikamvisha nyati, nikachota maji bombani kidumu kwa kidumu mpaka giza likaingia. Saruji iliyanyonya maji yale kwa sauti ndogo ya kufyonza, na mimi, mtoto wa watu, nikapata matumaini. Nilifikiri anakunywa yote aliyokosa. Nilimwambia anywe, anywe, na nikamwahidi Mungu mambo mengi ambayo sijayatimiza.

Fundi alikuja asubuhi amenyoa kipara, amekonda, na mfuko wa michembe begani. Bibi alimpokea kutoka kibarazani kwa sauti iliyosikika mpaka stesheni.

"Umerudi? Nilidhani wamekuzika pamoja na mama yako, tupumzike!"

Fundi akacheka, na machozi yakamtoka hapo hapo, akacheka tena. Akanipa michembe kabla sijaomba. Niliitafuna nimesimama nyuma ya mlango na haikushuka. Nilichokuwa nimekipanga mlangoni, mikono kiunoni, sikukifanya.

Alipovua magunia mimi nilikuwa pale, kwa sababu sikuweza kukaa nyumbani. Alimzunguka nyati mara mbili. Mwili mzima ulikuwa na nyufa nyembamba, kama sahani ya udongo iliyotiwa moto vibaya. Akakwangua mguu wa mbele kwa msumari, na vumbi likamwagika. Akakwangua tena, akalipokea kiganjani, akalisaga kwa kidole gumba.

"Zai, ulimwagilia?"

"Ndiyo, Fundi."

"Kila siku?"

"Kila siku. Asubuhi na jioni."

Alinitazama kidogo. Hakunitilia shaka, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Alikuwa anafikiri. Kisha akajifuta kiganja kwenye suruali.

"Basi ni mkono wangu," alisema.

Kosa la magunia nilimfanyia kwa mapenzi, na nadhani hata Mungu analijua hilo. Hili la pili nililifanya kwa akili timamu. Ningesema neno moja, angebomoa miguu, angeipiga upya, bustani ingefunguliwa wiki mbili baadaye, na mimi ningechapwa fimbo zangu tano na kusahau. Niliogopa fimbo. Zaidi ya fimbo niliogopa uso wa Bibi. Hiyo ndiyo bei niliyouzia jina la mtu.

Alimwomba mwenyekiti asogeze siku. Mwenyekiti akasema mgeni rasmi ameshaalikwa na ngoma zimeshalipiwa. Fundi akaziba nyufa alivyoweza, akampaka nyati rangi nyeusi, na kwa macho ya watu alikuwa mnyama wa kutisha na kupendeza.

Jumamosi mabati yaliondolewa. Watu walijaa, shule nzima tulipangwa mstari, mgeni rasmi akahutubia. Mpiga picha akataka watoto wapande mgongoni mwa nyati. Mwalimu alininyooshea kidole mimi na wengine watatu. Nilisema naumwa tumbo. Nilikuwa najua, jamani. Nilikuwa najua, nikajitoa mimi, nikawaacha wenzangu wakapanda. Nafasi yangu akaipata Mwajuma, aliyekuwa akikaa nami dawati moja.

Ulisikika mlio mdogo wa kukatika, kama mtu anatafuna muhogo mbichi. Miguu ya mbele ikapukutika, nondo zikajikunja, na nyati akapiga magoti mbele ya mgeni rasmi. Watu walianza kwa kucheka. Kisha Mwajuma akateleza kupitia kichwani, kidevu kikapiga pembe ile ya springi, damu ikatapakaa sare yake. Alishonwa, akapona. Kovu analo mpaka sasa, na tukikutana kwenye harusi macho yangu yanakwenda hapo kabla ya kumsalimia.

Mwenyekiti aliinama, akachota vumbi lililomwagika kutoka kwenye mguu, akalinyanyua watu walione.

"Hii ni saruji au majivu?"

Maneno yakaanza. Kwamba mifuko ya saruji imeuzwa. Kwamba mtu wa kuja hana uchungu na mji wa watu. Fundi alisimama katikati yao akisema tu kwamba labda alikosea kipimo. Mzee mmoja, Mungu amrehemu, akauliza kwa haki kabisa: au haikumwagiliwa?

Bibi akainuka kutoka kwenye kiti cha wageni. Alijikongoja mpaka mbele, na sauti yake haikuwa ile ya kibarazani.

"Ilimwagiliwa. Luhende ni mtani wangu na ningependa kumtetea, lakini siwezi kusema uongo. Mjukuu wangu alikwenda asubuhi na jioni, kwa macho yangu. Zaituni, simama. Nadanganya?"

Watu wote wakanigeukia. Fundi naye akanigeukia.

"Hapana, Bibi," nikasema.

"Basi," akasema mwenyekiti, "kama maji yalikuwepo, kilichokosekana ni saruji."

Ilikuwa imekwisha. Kama mtu mwingine yeyote angesema, wangebishana. Lakini alikuwa amesema Bibi, rafiki yake, na hakuna aliyewahi kumkuta Bibi katika uongo. Mimi nilimtia uongo mdomoni bila yeye kujua, na ndio uliommaliza mtu aliyempenda.

Kesho yake Fundi Luhende alikuja kuaga. Begi lake lilikuwa dogo. Alipiga hodi, na Bibi akiwa ndani, hatua tatu kutoka mlangoni, hakuitika. Alinizuia kwa mkono nisifungue. Aliniambia baadaye kwamba kutaniana na mwizi ni kumsaidia kuiba.

"Mtani, nakwenda," Fundi alisema nje ya mlango. Tukasikia anahamisha begi kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. "Hata tusi moja hunipi?"

Bibi alitazama ukuta. Midomo yake ilikuwa inatikisika. Baada ya muda tukasikia nyayo zinaondoka, na mimi nilikuwa kati ya mlango na Bibi, mdomo wangu mzima, ulimi wangu mzima, na sikuutumia.

Nyati alivunjwa kwa nyundo, vipande vikapelekwa kufukia mashimo ya barabara. Pale katikati pakapandwa maua, na sanamu nyingine hazikutengenezwa. Mke na watoto wa Fundi hawakuja Kilosa. Majina yao mpaka leo nayakumbuka, Kabula na Shija, kama nilivyofundishwa.

Bibi aliishi miaka saba baada ya hapo. Msimulizi mwingine angesema hakupata nafasi. Mimi nilizipata nyingi mno. Nilimsuka nywele, nilimkanda goti kwa mafuta ya nazi, na alipolala kitandani mara ya mwisho nilimwosha na kumlisha uji kwa miezi. Mara kwa mara, ngoma za harusi zikipita au mtu akitaja Wasukuma, alisema, "Luhende aliniumiza." Nami nilichovya kijiko kwenye uji, nikapuliza, nikampa. Nilijiambia kwamba mgonjwa hapaswi kusumbuliwa. Nilijiambia mengi. Tulipomzika, hakutokea mtani hata mmoja wa kutuchekesha, na mjini watu walilalamika kwamba msiba ulikuwa mzito.

Niliolewa huku Ruaha, kwenye miwa. Ukitaka kwenda Kilosa au Morogoro kutoka kwetu lazima upite Mikumi, na pale Mikumi, kando ya barabara kuu, kuna bustani ya kupumzikia wasafiri ambayo ina wanyama wa saruji. Niliwaona dirishani mwaka mmoja nikiwa na mtoto mgongoni. Tembo amejilaza ubavu. Twiga amekunja miguu, shingo tu iko juu. Pundamilia, simba, nyumbu, wote wamelala, na mabegani mwao mwiko umeachwa bila kulainishwa. Nilijua mkono ule kabla basi halijasimama. Tangu siku hiyo, kila tukifika pale, nilikuwa natafuta kitu kwenye mkoba. Nimepita miaka mingi nikitafuta kitu kwenye mkoba.

Baada ya vitunguu vile kuungua, nilishindwa. Wiki iliyofuata nilipanda gari mpaka Mikumi nikashuka.

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, mvi tupu, anampiga plasta mtoto wa swala aliyejikunja chini. Binti mtu mzima alikuwa anamchanganyia saruji.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mama. Karibu. Hujambo?"

"Sijambo. Wanyama wako wazuri. Mbona wote wamelala?"

"Wa kusimama si wa mkono wangu," alisema bila uchungu, kama mtu anayekutajia namba ya kiatu. "Nilimsimamisha mmoja zamani, Kilosa. Aliniaibisha. Mungu akanionyesha kipimo changu."

"Ni mimi, Fundi. Ni Zaituni. Mjukuu wa Bi Mwanaidi."

Mwiko ukamwanguka. Akanitazama mpaka nikaogopa, kisha meno yote yakatoka nje.

"Kabula!" alimwita binti. "Fungia kuku! Wasagara wameingia!"

Akanishika mikono miwili kwa saruji yake, akauliza watoto, akauliza mume, akamtukana mume ambaye hajamwona. Niliona nikingoja furaha ile iishe nitasema lini? Nikasema hapo hapo. Nilimwambia kwamba hakukosea kipimo. Kwamba niliyavua magunia siku ya tatu, nikayaficha, na maji nikayamwaga chini, na nilipoulizwa nikadanganya, mara ya kwanza kwake na mara ya pili mbele ya watu.

Alirudi kukaa kwenye kigoda. Kisha tumbo lake likaanza kutikisika.

"Ukayaficha wapi?"

"Kwenye banda la kuku."

"Kwenye banda la kuku!" Akapiga paja. "Na ulitaka nini?"

"Nilitaka uyakomboe. Ulikuwa umefiwa, na mimi mtani wako. Nilitaka ucheke."

Akacheka. Alicheka mpaka akashika ubavu wa swala asianguke, mpaka binti naye akaacha koleo akaanza kucheka bila kujua anacheka nini. "Hawa watu, Kabula, wana utani wa kuzaliwa nao," alimwambia. "Baada ya miaka yote hii, amekuja kutoka huko kunitungia hadithi nijisikie vizuri."

"Fundi, sitanii."

"Na wewe umeshamwona mtani anayesema anatania?"

"Nakuapia Mungu."

"Usimwingize Mungu kwenye magunia, mama. Umeitunga vizuri, nimeipenda." Akajifuta machozi kwa nyuma ya kiganja, saruji ikabaki shavuni. "Lakini ulikuwa mtoto mwema. Ulimwagilia kila siku. Bibi yako alisema, na yule hakuwa anasema uongo."

Nilianza upya tangu mwanzo. Kila nilichoongeza kiliongeza kicheko. Nilijikuta natabasamu, uso wangu ulivyo mnafiki.

Akatulia. Akaokota mwiko, akaugeuza mkononi, hakuutumia.

"Na yeye hajambo, Bi Mwanaidi?"

"Amefariki, Fundi. Siku nyingi."

Alitikisa kichwa taratibu. Binti akarudi kwenye saruji yake. Malori ya miwa yalipita mawili barabarani. Alipouliza, hakunitazama. Alimtazama swala.

"Alikufa akiniona mwizi?"

"Hapana, Fundi," nikasema. "Alijua hukuiba."

Hilo aliliamini.